Majani Hayavuki

Akiteng alipanga vioo ndani ya makasha bila papara, na kazi ikikaa vizuri alikuwa hajinyimi sifa. Fremu tupu alizilaza kwa ubavu. Zenye picha akazikabilisha uso kwa uso, kitambaa katikati. Vioo vikubwa vya saluni akavisimamisha kwa ukingo, maana kioo ukikilaza, shimo la kwanza la barabara linakumaliza. Kisha kila pengo akalishindilia majani makavu ya migomba. "Akiteng, wewe ni fundi," akajiambia.

Mzigo ulikuwa unakwenda Mbale, ng'ambo ya mpaka, kwa dada yake, Atyang, ambaye nyumba yake na saluni viliteketea mwaka jana, akabaki na nguo alizovaa. Sasa alikuwa anaanza upya. Na katika fremu moja alikuwamo mama yao marehemu, picha pekee iliyosalia. Kioo kikivunjika kingeichana, na nyingine hakuna, hata uende wapi.

Lori lilipofika mpakani Malaba, wakala wa forodha, Oduori, alichungulia ndani ya makasha, akashika kichwa.

"Dada, haya majani hayavuki. Watu wa kukagua magonjwa ya mimea wakiyaona, mzigo wote unarudi."

"Boss, ni ya ndizi tu!"

"Hata kama. Toa yote."

Jamani! Majani yakitoka, vioo vingegongana na kuvunjika kabla hata ya kufika Tororo. Akiteng alipiga magoti vumbini, akayang'oa huku machozi yanamtoka. Foleni ilikuwa inasonga, na dereva, Protus, alikuwa na mizigo ya watu wengine.

"Nishushie mzigo tu, kaka," akamwambia. "Usichelewe kwa ajili yangu."

Protus alipanda kabini, akashuka na godoro lake la safari.

"Kioo kikubwa kiegemeze hapa."

"Na wewe utalalia nini?"

"Mimi nikianguka sivunjiki, dada."

Ng'ambo ya barabara, Millicent muuza mitumba alikuwa ameona yote. Akaja na furushi kichwani, mdomo ukimtangulia.

"Ala! Unalia, na mimi nimekalia sweta ambazo hakuna anayezitaka? Si ungeuliza?"

Wakapanga upya. Sweta nyembamba zikaenda kati ya fremu, nzito zikaenda pembeni. Akiteng alipoanza kumfunga mama yake, Millicent akamshika mkono.

"Mama wa mtu hafungwi kwa sweta iliyotoboka."

Akafungua leso yake mwenyewe kiunoni, akaifunga picha ile taratibu, pembe kwa pembe. Akiteng akaiingiza fremu kati ya sweta.

Lori likavuka, Akiteng akarudi nyumbani kungoja habari. Atyang alipiga simu kutoka Mbale. Hakuna hata kioo kimoja kilichopata ufa, na mama alikuwa ameshatundikwa ukutani. Kesho yake Akiteng alirudi Malaba na kuku chini ya kwapa, akamkuta Millicent anakunja suruali. Akamshukuru kwa Kiswahili, akamshukuru kwa Kiteso, na juu ya hayo akamwombea baraka.

"Wacha maneno mingi," Millicent akasema. "Mama alifika mzima?"

"Alifika."

"Mungu ni mwema." Akanyoosha suruali magotini. "Wangu alikufa bila kupigwa picha. Sura yake imeanza kunipotea."

Akiteng akamweka kuku chini. Akaketi kando yake, akavuta suruali nyingine kutoka kwenye rundo, akaanza kukunja.

"Nieleze vile alikuwa," akasema.