Waya wa Namba Kumi na Moja

Asubuhi ya mtihani, kompyuta kumi na sita za chuo chetu, huku Usangi mlimani, hazikuwa tayari. Nilikuwa nimeweka programu zote kwenye kompyuta ya mwalimu, na sasa nakala ya diski yake ilikuwa ikipita kwenye nyaya kwenda kwa zote kumi na sita kwa pamoja. Saa mbili ilikuwa asilimia tatu. Saa tatu, asilimia tano.

"Sifael, mtihani ni saa tisa," alisema Mwalimu Tumainieli, mkuu wa chuo. "Kwa mwendo huu tutamaliza Pasaka."

"Zinapokea kwa kusubiriana, Mwalimu. Moja ikichelewa, zote zinachelewa. Inayochelewesha ni namba kumi na moja."

"Ina nini?"

"Diski imechoka," nilijibu, bila kuipima. Ilikuwa kuukuu kuliko zote, na mimi nina shahada.

"Basi iondoe. Hata kwenye msaragambo, kazi ya kijiji kizima, mgonjwa anaachwa nyumbani."

"Ni ya Salha hiyo. Watahiniwa ni kumi na sita, na kompyuta ni hizo hizo."

Akampigia simu Salha, kwao Kileo, chini tambarare. "Usipande leo, mwanangu. Mtihani utafanya mwakani."

Sauti ndogo ikajibu, "Haya, Mwalimu. Asante."

Asante ile ilinichoma. Nikachomoa namba kumi na moja, na zile nyingine zikakimbia. Kabla ya saa nne zilikuwa tayari.

Waya uliobaki nikauchomeka kwenye laptopu yangu mpya, nivute faili moja. Nayo ikaanza kutambaa vile vile. Nikakisogeza kichwa cha waya dirishani: ndani yake nyuzi mbili hazikufika mwisho. Nilikuwa nimekibana kwa mikono yangu, wiki ya kwanza nilipofika, wanafunzi wakinipigia makofi.

Nikakikata, nikabana kingine. Namba kumi na moja ikapokea nakala yake yote kwa dakika ishirini. Tukampigia Salha. Simu ilikuwa imezimwa.

"Diski haina kosa, Mwalimu. Ni waya wangu."

Alinionyesha mlango. "Kamwambie mwenyewe."

Bodaboda ilinishusha hadi Mwanga, kisha Kileo. Nilimkuta Salha uani, mikono ndani ya beseni. Sare yake ya chuo ilikuwa majini.

"Nimeona niifue niiweke," alisema. "Simu nimeizima, nisiulizwe maswali."

Nilimweleza yote, hata diski niliyoisingizia.

"Kwa hiyo injinia hukuangalia?"

"Sikuangalia."

Akaikamua sketi, akaikung'uta mara mbili, akaingia ndani. Alitoka ameivaa, maji yakimchuruzika hadi visiginoni.

"Dada, huko juu utaganda!" dereva akasema.

"Twende, kabla huyu hajabuni ugonjwa mwingine."

Nilipanda nyuma yake, lakini ilikuwa saa saba na robo, na mlima ule pikipiki yenye abiria wawili huupanda kwa kuvuta pumzi. Nikashuka. Nikawatazama hadi vumbi likatulia, kisha nikaanza kutembea, nikiangalia saa kila baada ya hatua chache.

Saa tisa kasoro dakika tano, ujumbe wa Mwalimu ukaingia: "Kiti cha namba kumi na moja kimelowa."