Maneno ya Chiriku

Mimi kukaa kitako bila kazi mkononi ni adhabu. Mshauri alitupanga kwenye viti vya duara, hakuna meza ya kuegemea, hakuna hata gazeti la kujipepea, na juu yetu feni ilizunguka huku ikigonga kitu, tak, tak, tak, mpaka nikatamani nipande juu ya kiti niikaze mwenyewe. Nilikuwa nimetoka moja kwa moja kwenye cherehani yangu, utepe wa kupimia bado uko shingoni. Nikauvua, nikauviringisha kidoleni, nikaufungua, nikauviringisha tena.

Kushoto kwangu alikaa mdogo wangu, ambaye tangu agombane na mkewe analala kwenye kochi langu na kunikoholea usiku kucha. Kulia alikaa mkewe, wifi yangu, amevaa gauni la bluu nililomshonea mimi. Mbele yangu, kati yao, kwenye kiti kidogo cha plastiki, alikaa binti yao wa darasa la pili. Tunamwita Chiriku kwa jinsi anavyoongea, au niseme alivyokuwa akiongea. Tangu Jumamosi, alipoambiwa kwamba baba na mama watakutana chumba kimoja, hajafungua mdomo. Shuleni kimya, nyumbani kimya, chakula anakizungusha tu kwenye sahani. Mtoto aliyekuwa akituhadithia mpaka ndoto za paka!

Mwalimu wake ndiye aliyetuelekeza pale, ghorofani juu ya duka la fotokopi. Sikuwa na imani. Nilipomwona mshauri mwenyewe, binti mdogo mwenye viatu vya raba na sauti ya kubembelezea mtoto mchanga, nilijisemea moyoni: haya, tumekwisha. Lakini nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo, hofu kwamba mtoto wetu hatasema tena. Nikakaa.

Ugomvi wenyewe ulianza na bomba la jikoni. Lilikuwa linavuja, mume akasema ataliziba kesho, mke akauliza kesho ya mwaka gani, na kabla jioni haijaisha walishafika kwa mama wakwe na ukoo mzima. Nilikuwepo, na mdomo wangu unajulikana. Nilimwambia wifi kwamba nyumba ile haina mwanamke. Mdogo wangu akabeba begi, akanifuata.

Toka hapo hawapigiani simu. Jumamosi Chiriku analetwa mpaka kona ya mtaa wangu, anashinda nasi, jioni anarudi kwa mama yake. Mwenye neno lolote anampa yeye. "Mwambie baba yako." "Mwambie mama yako." Tuliona ni jambo rahisi, mtoto ana akili, hasahau kitu.

Neno la kwanza nalikumbuka. "Mama anasema usisahau dawa ya kifua." Nikabetua midomo, nikasema kumbe siku hizi mkeo ni daktari. Lakini maneno yakazidi kulainika. Mama anasema nyumba imepooza. Mama anamshukuru shangazi kwa kukutunza. Hilo lilinipata. Hasira zangu zinapanda haraka na kushuka haraka, basi nikachukua kitambaa cha bluu, nikashona gauni kwa vipimo vya kukisia, nikampa Chiriku apeleke. Mdogo wangu naye akaanza kunyoa ndevu. Mwisho akasema yuko tayari waonane, na mtoto, badala ya kurukaruka, akanyamaza jumla.

"Hapa tuna sharti moja," mshauri alisema. "Mwenye neno anamwambia mwenyewe, huku anamtazama. Baba, tuanze na wewe. Mwambie mama kwa nini umekubali kuja."

Mdogo wangu akakohoa, akajifuta viganja kwenye suruali. "Nimekuja kwa sababu ulisema nyumba imepooza bila mimi. Na kwamba mambo ya bomba umeshayasahau."

"Nani, mimi?" wifi akashtuka. "Mimi nilisema uje uchukue makorokoro yako, yananijazia chumba. Wewe ndiye uliyesema umekosa! Ulisema hata usingizi hupati kwa kuniwaza."

"Usingizi sipati kwa sababu ya kochi la dada!"

"Na wifi naye akaniomba radhi, akaleta na gauni," akaendelea, akininyooshea kidole.

Nikaruka kutoka kwenye kiti. "Radhi? Nani kaomba radhi hapa? Mimi nilisema mpe mama yako hili gauni, basi!"

Feni ikagonga, tak, tak. Tukageuka wote watatu kwa pamoja kutazama kiti cha plastiki. Chiriku alikuwa amevuta sweta ya shule mpaka juu ya kichwa, ameikunja miguu ndani, haonekani uso wala mikono. Sweta ilikuwa ikitetemeka.

Ndipo nikaelewa kimya cha wiki nzima. Mtoto alikuwa akingoja siku ya kuumbuka. Nilisikia uchungu kifuani mpaka nikatamani kumpiga mtu kofi, na sikuona wa kumpiga isipokuwa sisi.

Mdogo wangu yeye hakuelewa, au alielewa upande wake tu. Akasimama. "Kwa hiyo nimedanganywa. Nimeacha kazi, nimenyoa ndevu, nimekuja kukaa hapa kama mjinga kwa maneno ya kutungwa." Akashika funguo zake, akaenda mlangoni.

"Keti wewe!" nikamfokea. Hakugeuka.

Mshauri hakupaza sauti. "Baba, nikuulize jambo moja kabla hujatoka. Yale maneno halisi mlimpa nani ayabebe?"

Wifi aliangalia magoti yake. Mimi nikaangalia utepe wangu.

"Aliona yakifika yalivyo yataumiza," mshauri akasema, "akawa anayarekebisha njiani. Sasa amechoka, na anaogopa mtamchukia." Akapiga magoti kwenye sakafu, karibu na ile sweta. "Kazi imekwisha, mwanangu. Hubebi tena neno la mtu."

Mkono wa mdogo wangu ulikuwa umeshashika kitasa. Nikaona kinashuka. Nikajua akitoka pale hatarudi, maana tumezaliwa tumbo moja na kiburi chake ni changu. Na mtoto ataamini maisha yake yote kwamba ni yeye aliyemfukuza.

Ndani ya sweta ikatoka sauti, kavu, ndogo, sauti iliyokaa muda bila kutumika.

"La dawa sikutunga."

Kitasa kikatulia. "La nini?"

"La dawa ya kifua. Mama alilisema mwenyewe. Alisema, halafu akasema nisiseme ni yeye."

Mdogo wangu akageuka kumtazama mkewe. Wifi alikuwa ameuma mdomo, macho yamejaa.

"Nilisema," akasema.

Kikohozi, ambacho hakijui adabu, kikamshika mdogo wangu palepale. Alipomaliza alirudi, akapita kiti chake, akachuchumaa mbele ya sweta. "Toka, mama," akamwambia bintiye. "Sina hasira na wewe, hata kidogo. Nikiwa na neno kwa mama yako nitalibeba mwenyewe." Akainua uso kwa mkewe. "Dawa imeisha tangu juzi."

"Nimekusikia unavyokohoa," wifi akajibu.

Hakuna aliyekumbatiwa na hakuna aliyesema anarudi nyumbani. Mshauri alitupangia siku nyingine. Lakini kichwa cha Chiriku kilitoka kwenye sweta, nywele zimetimka, na akaomba maji ya kunywa. Akanywa bilauri nzima, akaomba nyingine. Nililia bila kujificha, na yule binti wa raba akanisogezea boksi la tishu. Nikampenda kwa hilo.

Tulipokuwa tunashuka ngazi wifi alitangulia, na nikaona lile gauni linambana mabegani. Lilikuwa linamvuta kabisa, aibu tupu kwa fundi. Nikamvuta Chiriku pembeni, nikamwinamia sikioni kama nilivyozoea.

"Mwambie mama yako alete hilo gauni nilipanue mabegani."

Akanitazama. Macho yake yalikuwa yamechoka kama ya mtu mzima.

"Shangazi," akasema, "mama si huyo hapo?"

Kweli, alikuwa pale chini, anatafuta kitu mkobani. Ngazi zilikuwa chache, na nilizishuka kwa shida kuliko kupanda mlima. Nilipomfikia, maneno ya gauni yakanipotea. Nilimshika begani, pale penye mshono unaobana.

"Wifi," nikasema, "ile radhi. Mtoto aliitunga. Mimi sikuisema."

"Nimesikia," akajibu, bado anapekua mkoba.

"Basi naisema."