Jua la Ijumaa na Tanuri la Bochaberi

Siku ya mwisho ya kuwasilisha taarifa za kodi iliangukia Ijumaa, na Japheth Omanga, mwenye duka la kompyuta mjini Rongo, ni Msabato asiyegusa kazi jua likishatua. Kwa hiyo foleni ya waliokuja dukani kujaziwa taarifa hizo ilikuwa na haraka mbili: ya serikali, iliyokoma saa sita usiku, na ya mbinguni, iliyokoma jioni.

Bochaberi alikuwa wa pili kutoka mwisho. Mwaka uliopita aliajiriwa katika duka la mikate, na mwajiri wake akawa anamkata kodi kila mwezi bila kumpa nafuu ambayo sheria humpa mfanyakazi. Kwa mshahara mdogo kama wake, nafuu hiyo ingeifuta kodi yote. Akiwasilisha leo, angeweza kuomba arudishiwe, anunue tanuri lake mwenyewe. Akichelewa, faini ingelila tanuri hilo kabla halijawashwa.

Zamu yake ilifika jua likiwa limekalia mabati ya soko. Japheth akaanza kumwandikia sufuri bila kumuuliza kipato chake. Tangu asubuhi alikuwa akiwajazia watu wote sufuri, kana kwamba mji mzima haukufanya kazi yoyote.

Bochaberi akauweka mkoba wake juu ya kibodi.

"Mzee, mimi si sufuri. Mwaka mzima nimeamka saa tisa za usiku kukanda unga, halafu uandike nililala?"

"Mama, sufuri ni dakika mbili. Hii yako ni nusu saa, na jua halinisubiri."

Nyuma yake Okari, mlinzi wa shule, akacheka. "Mwandikie sufuri atoke. Wengine tuna lindo."

"Nyamaza, Okari. Hata huko lindoni unalala."

Japheth akaikagua fomu ya mshahara ambayo Bochaberi alipewa kazini, akaanza kujaza. Walipofika sehemu ya nafuu, mwanga wa jua ukatoweka ukutani. Japheth akainua mikono kama aliyeshika sufuria ya moto.

"Sabato imeingia."

"Mimi ni Mkatoliki," Bochaberi akasema. "Inuka, nikae. Wewe nifundishe tu."

"Kufundisha pia ni kazi."

"Kwani kesho kanisani hamna Shule ya Sabato?"

Japheth, mwalimu wa shule hiyo kwa miaka kumi na mmoja, akaitazama dari, akamwachia kiti. Akasimama nyuma ya kiti, mikono mgongoni.

"Shuka chini. Hapo. Andika namba ya mwisho ya fomu yako."

Kwa kidole kimoja, Bochaberi akaandika. Hatimaye kioo kikajibu: taarifa imepokelewa, na kodi iliyozidi imeonekana. Akapiga kigelegele, akafungua mkoba.

"Usinionyeshe pesa leo!" Japheth akaruka. "Jumapili."

Bochaberi hakuinuka.

"Okari, leta fomu yako."

"Mimi niandikie sufuri tu, dada."

"Mwaka jana ulilinda shule, au hukulinda?"

Okari akamtazama Japheth. Japheth akaitazama dari. Kisha mlinzi akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Nililinda," akasema.