Kofia Isiyovuja

Ni mimi niliyemwaga maji kwenye miguu ya Silvano Machaca mbele ya kisiwa kizima, na siku ile sikujuta hata kidogo. Mila ni mila. Hapa Taquile mwanamume huanza kufuma akiwa bado mtoto, na akitaka mke humpelekea baba wa binti kofia aliyoifuma kwa mkono wake mwenyewe. Baba humimina maji ndani. Yakikaa, kijana anapewa kiti. Yakivuja, arudi kwao akajifunze. Kofia ya Silvano ilivuja kama paa kuukuu. Watu wote walicheka isipokuwa wawili, yeye na binti yangu Delfina.

"Alete nyingine kabla ya harusi za Agosti," nikasema. "Na hiyo ikivuja, basi tena. Binti yangu haolewi na chujio."

Tangu siku hiyo Delfina aliacha kuniita baba. Alinipakulia supu, akaiweka mbele yangu, akasema, "Chakula hicho," akaenda zake. Iliniuma, nisiwadanganye. Lakini mtu mzima akishatamka hadharani, atayameza vipi maneno yake?

Julai baridi ikazidi. Kule juu milimani, wanakochunga alpaka, wanyama wetu wa sufu, watoto walikuwa wanakwenda shule masikio yamepasuka kwa jalidi. Sista Hortensia wa parokia akavuka ziwa na magunia ya nyuzi zilizochangwa na watu wa mji mkuu, Lima: mabaki ya madukani, sweta kuukuu zilizofumuliwa, rangi zote, nyuzi nene na laini kama manyoya ya kifaranga.

"Mafundi ni nyie," akasema. "Wafumieni wale watoto kofia."

Tungekataaje? Wanaume wote tukakaa uwanjani, kila mtu na sindano zake, majani ya koka ya kutafuna yakipita mkono kwa mkono. Sindano zetu ni spoku za baiskeli zilizonolewa, nyembamba, maana uzi wetu wenyewe ni mwembamba. Mke wangu Natividad akapita na mzigo wa viazi mgongoni, akasimama kuchungulia kazi yangu.

"Baba Delfina, huo uzi mnene. Sindano hizo zinaukaba."

"Kofia ni kofia. Kwangu haitoki inayovuja."

"Kwani hao watoto wanaenda kunywea?"

Wenzangu wakaangua kicheko, lakini hakuna aliyebadilisha sindano. Wazee wote tulikuwa tunabana, vidole vimevimba, kila mmoja akimvizia mwenzake aone nani atalegeza wa kwanza. Silvano peke yake alijichongea vijiti vya mkalitusi, vinene kama kidole, na kofia zikawa zinamtoka kama mikate ya moto. Mimi namaliza moja, yeye yuko ya nne.

"We kijana," nikamwita, nikahakikisha kila mtu anasikia, "hizo ni kofia au nyavu za samaki?"

"Ni za watoto, mzee," akajibu bila kuinua macho.

"Na ya kwangu?"

"Ipo njiani."

"Basi isije ikaloa njiani!"

Siku ya kupeleka mzigo, nilichaguliwa mimi kukabidhi, na Silvano akachaguliwa kubeba magunia. Sijui nani alipanga hivyo, ila Sista Hortensia alikuwa anatabasamu tangu tulipopanda mashua mpaka lori lilipotufikisha kule juu. Watoto walikuwa wamepanga foleni kwenye uwanja wa shule, wakipuliza mikono yao.

Nilianza na zangu, nani asingeanza na zake? Wa kwanza alikuwa binti mdogo aitwaye Nilda, mwenye pengo mbele. Nikamvika. Kofia ikasimama wima juu ya kichwa chake kama sufuria. Nikaivuta chini.

"Babu, unaniumiza."

Nikajaribu kwa mwingine, nikajaribu kofia za wenzangu, mambo yakawa yale yale. Uzi mnene tulioukaba kwa spoku ulikuwa umekuwa gome la mti. Nyuma yangu nikasikia vicheko vya furaha: watoto wanagombania kofia za Silvano na kuzivuta mpaka shingoni. Nilipogeuka tena, Nilda alikuwa ameshavunja barafu kwenye pipa, ameijaza maji kofia yangu, anamnywesha mwanakondoo wake. Haikuvuja hata tone.

"Mungu awabariki, baba," bibi yake akanishukuru kwa moyo wote. "Ndoo yetu ilikuwa imetoboka."

Sista Hortensia akakohoa akageukia ukutani, mabega yakimtikisika. Nilitamani ardhi inimeze.

Lakini kofia za Silvano ziliisha, na nusu ya watoto bado walikuwa vichwa wazi, na katikati yetu rundo la masufuria. Lori lilikuwa linaondoka asubuhi. Silvano akachuchumaa kando yangu, akazungumza chini chini.

"Mzee, usinikasirikie. Naomba ruhusa nizifumue."

Kwetu, kufumua kazi ya mzee ni kama kumzaba kofi. Nikafungua mdomo nimjibu anachostahili. Kisha nikayaona masikio ya Nilda, mekundu, yamechanika pembeni, na yeye mwenyewe hana habari, anamsifia kondoo wake kwa kunywa vizuri. Nikaona aibu ya kweli, siyo ile ya kuchekwa.

"Fumua," nikasema. "Na mimi nichongee hivyo vijiti."

Tukakaa karibu na jiko la shule, tukafumua na kufuma upya, tukipokezana majani ya koka.

"Legeza mkono, mzee."

"Nimelegeza."

"Bado. Unafuma kama unamnyonga mtu."

Natividad angelisikia hilo angelicheka wiki nzima. Nikalegeza. Asubuhi Nilda akaivuta kofia yake mpya, ya kijani na njano, mpaka kwenye nyusi.

"Inavuja?" nikamuuliza, mazoea hayo.

"Sijui, babu. Ina joto."

Agosti ikafika. Uwanja ukajaa, na Silvano akanikabidhi kofia nyekundu ya uzi mwembamba. Delfina alisimama kando ya mama yake, anatazama chini. Nikamimina maji. Yakakaa. Nikaanza kutabasamu, halafu chini kabisa, pale ncha inapofungwa, nikaona tone linajikusanya. Linanenepa. Mimi tu ndiye niliyekuwa naliona.

Kabla halijadondoka nikaipindua kofia ile, na maji yake, nikajivika kichwani.

Yalikuwa maji ya ziwa, ya Agosti. Yakanishuka shingoni, mgongoni, mpaka kwenye mkanda. Nilikaza meno.

"Haivuji!" nikapaza sauti. "Mleteeni kijana kiti!"

Watu wakapiga vigelegele na ngoma zikaanza. Delfina akanisogelea taratibu, akanitazama matone yanavyonichuruzika kidevuni, macho yake nayo yamejaa.

"Baba," akasema, "umelowa."

"Jasho hilo, mwanangu. Kofia ya mumeo ina joto."