Samaki Aliyesahauliwa Mlangoni

Jumatatu, saa tatu na robo asubuhi, Tak Bunrye alikuwa amekaa kwenye benchi la plastiki katika zahanati ya wilaya, jijini Daegu, akisubiri kuitwa kupigwa picha ya kifua. Mkononi alishika kichupa chenye kijiti cha pamba. Kila anayetaka kupika chakula cha kuuza hujipima mwenyewe chooni kwa kijiti hicho, na Bunrye alikuwa keshamaliza. Alikuwa na miaka sitini na mbili, na hii ilikuwa mara yake ya kumi na mbili, maana cheti hudumu mwaka mmoja tu.

Pembeni yake alikaa Cha Malsun, muuza tofu, lile jibini la soya, ambaye hakuwa na la kupima. Alikuja kuleta habari.

"Dada, samaki wako ameanza kusema."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi. Anasema kila mtu akiingia."

"Anasemaje?"

"'Mahali hapa ni pa Tak Bunrye. Amenyang'anywa.' Basi. Halafu ananyamaza mpaka aingie mwingine."

"Sauti yake ikoje?"

"Ya kawaida. Kama mtu mwenye mafua."

"Na watu wanafanyaje?"

"Wanavua viatu, wanakaa, wanaagiza."

Muuguzi akaita jina la Bunrye, akaenda kupigwa picha.

Samaki mwenyewe alikuwa mkavu, wa bahari ya baridi, urefu wa kiwiko mpaka kidole cha kati, mdomo wazi, kiunoni amefungwa uzi mweupe mwingi. Bunrye alimtundika juu ya mlango kwa mkono wake siku alipofungua duka lake la tambi, miaka kumi na moja nyuma. Samaki wa mlangoni hafumbi macho, na asiyefumba macho ndiye mlinzi. Anayehama humteremsha yeye kwanza, kabla ya kijiko. Bunrye alilijua hilo. Lakini siku ya kuhama aliteremsha sufuria, visu, ubao wa kukandia, hata msumari wa kalenda, akamwacha samaki. Alikuwa na hasira, na hasira haina orodha.

Akufukuzaye hakwambii toka. Mzee Pyo Gilman, mwenye jengo, hakumwambia toka. Alimwambia mabomba yamechakaa. Sheria humlinda mwenye duka miaka kumi. Mwaka wa kumi na moja uko mikononi mwa Mungu na mwenye jengo. Bunrye akaleta mtu wa kumpokea, fundi viatu aliyechoka na viatu, ambaye alikuwa tayari kumpa kilemba, ile pesa ya kuachiwa duka na wateja wake, kama Bunrye naye alivyompa kilemba aliyemtangulia. Mzee Pyo akakataa. Alisema hapangishi tena, anataka mahali pa kupumzikia.

Alipumzika siku tisa. Siku ya kumi mkwe wake, Hyerim, alikuwa jikoni akikata tambi kwa kisu, supu ya dagaa inachemka, na nje ubao ulikuwa ule ule: TAMBI ZA MAMA BUNRYE. Mzee Pyo alikuwa amekwenda kulisajili jina hilo liwe lake, akapewa cheti chenye muhuri mwekundu. Kilemba kikaenda hivyo, na wateja wakaenda hivyo, na jina likaenda hivyo. Bunrye akabaki na sufuria.

Ndipo alipoamua kuanza upya.

Jumatano alikwenda darasa la usafi wa chakula. Alikaa kutwa nzima na vijana wa kuuza kahawa, akaambiwa kisu cha nyama kisikate mboga. Alhamisi alikwenda kituo cha kusaidia wenye biashara ndogo, akiwa na mpango wa biashara alioujaza kwa penseli. Mshauri aliitwa Bwana Guk, kijana wa sweta la kijivu, mwenye adabu.

"Bibi, hapa pa lengo la biashara umeandika 'kisasi'."

"Ndiyo."

"Kwa kawaida watu huandika kujikimu. Au ndoto ya utotoni."

"Utotoni niliota kulala."

Bwana Guk alitafuta kwenye orodha yake. Kulikuwa na kisanduku cha kujikimu, cha ubunifu, na cha kuwarithisha watoto. Kisasi hakikuwapo. "Nitaweka 'mengineyo'," alisema. "Wateja unaowalenga?"

"Wa Pyo Gilman."

"Mshindani wako mkuu?"

"Pyo Gilman."

"Eneo?"

"Mkabala na Pyo Gilman. Hatua kumi na nne, nimezipima."

Bwana Guk alisoma tena, taratibu, toka juu mpaka chini. "Kusema kweli, bibi, wengi wanaokuja hapa hawajui wanataka kumuuzia nani. Wewe unajua." Akampa alama tisini na moja, na barua ya kupeleka benki kwa ajili ya mkopo mdogo.

Kutoka hapo Bunrye alipita kichochoro cha nyuma ya soko kumwona samaki. Ilikuwa saa saba mchana, saa ya tambi. Wanaume watatu wa karakana ya mashine walikuwa wanaingia.

"Mahali hapa ni pa Tak Bunrye," samaki aliwaambia. "Amenyang'anywa."

"Pole yake," alisema wa kwanza, akiinama kuvua viatu. "Bei ni ile ile?"

"Imepungua kidogo," Hyerim alijibu kutoka jikoni. Wakakaa.

Hyerim alipomwona Bunrye alitoka akifuta unga mikononi. "Mama mkubwa, mchukue tu samaki wako. Nikisikia anasema nakata tambi mapande."

"Mwambie baba mkwe wako."

"Nimemwambia. Anasema samaki ni wa jengo."

Mzee Pyo akatokea nyuma yake, mfupi, nywele zimepakwa rangi nyeusi juzi tu. "Karibu, mama. Umekuja kuonja?"

"Nimekuja kumwona samaki."

Mzee Pyo aliinua uso, akamtazama samaki bila hasira. "Anasema kweli," alisema. "Sijawahi kumbishia. Lakini kweli si mkataba."

Akarudi ndani. Bunrye alisimama chini ya samaki kwa muda wa kuchemka yai.

"Maneno hayatoshi," alimwambia.

Samaki akafunga mdomo, mara ya kwanza tangu akaushwe.

Kesho yake asubuhi alikuwa ameanza kuvimba. Magamba yalirudi kung'aa, na tone moja lilining'inia kwenye mdomo wake. Hyerim alipita chini yake mara sita, tone halikuanguka. Alipopita Mzee Pyo likaanguka utosini, na tangu dakika hiyo Mzee Pyo akawa amesimama ndani ya bahari mpaka magotini.

Si kwamba duka lilifurika. Sakafu ilikuwa kavu na watu walikaa juu yake na soksi zao. Ni yeye tu. Alikokwenda maji yalikwenda naye, ya kijani, baridi, yenye harufu ya mwani, na aliyesimama karibu naye hakulowa. Alipokaa chini kula, maji yalimfika kidevuni, kwa hiyo akanunua kiti kirefu. Usiku wa kwanza alilala godoroni kama kawaida, akaamka anatapika chumvi. Akanunua kitanda cha hospitali kinachoinuka kwa kuzungusha mpini. Daktari alimchunguza, akaandika kwamba miguu ina unyevu, akampa poda. Kule sokoni kwa wauza pweza alipata suruali ya mpira inayofika kifuani. Baada ya wiki alikuwa amezoea.

Wateja nao walizoea, halafu wakapenda. Walikuja wa mitaa ya mbali kumwona. Wengine waliomba kutia kidole, wakaonja. "Ya kweli kabisa," walisema, wakaagiza. Mzee Pyo akakivuta kiti chake kirefu mpaka dirishani, na foleni ikafika kwenye duka la miavuli. Bei ikapanda, na hakuna aliyenung'unika.

Malsun alimletea Bunrye habari hizo pamoja na tofu iliyovunjika.

"Dada, samaki wako anamtajirisha."

Bunrye alikuwa anakanda unga juu ya gazeti, chumbani kwake. "Maji yamefika wapi?"

"Magotini."

"Na wiki iliyopita?"

"Magotini. Mimi napeleka tofu, dada, sipimi bahari."

"Pima."

Tangu siku hiyo Malsun alipima. Chumvi huacha mstari kwenye mpira, na kila asubuhi akipeleka tofu aliutupia jicho mstari wa suruali ya Mzee Pyo, akaulinganisha na kiraka kilichokuwa gotini.

Bunrye aliendelea na njia yake. Alipata chumba mkabala, kilichokuwa cha mshona mapazia, cha mwenye jengo mwanamke aliyeishi mbali na kutuma karatasi zake kwa posta. Wakaandikiana mkataba wa kawaida. Alinunua jiko la mtumba kwa mjane wa muuza supu. Fundi akaweka bomba la kutolea moshi, mkaguzi wa zimamoto akaja akalitikisa. Ofisi ya wilaya ikapokea cheti cha afya na cheti cha usafi, ikampa karatasi ya ruhusa. Karatasi hiyo akaipeleka ofisi ya kodi, dirisha la tatu.

"Jina la biashara?" aliuliza karani.

"Tambi za Mama Bunrye."

Karani alibonyeza. "Limeshachukuliwa."

"Ni jina langu."

Karani alitazama kitambulisho, akamtazama usoni. "Naona. Lakini limeshachukuliwa. Chagua jingine, bibi, kuna watu nyuma yako."

Bunrye hakugeuka kuwatazama. "Andika Ngoja Uone."

"Halitawatisha wateja?"

"Tambi za kukata kwa kisu huchukua dakika ishirini."

Karani akaona ni sawa, akaandika, akagonga muhuri.

Duka lilifunguliwa Jumamosi ya mwanzo wa mwezi wa sita. Bunrye alinunua kichwa cha nguruwe kinachocheka, kama ilivyo desturi ya kufungua duka. Wenye mabucha hutoza zaidi kwa kicheko, naye alilipa. Alikiweka mezani na keki ya mchele yenye maharage mekundu, na bakuli la pombe ya mchele. Majirani walikuja mmoja mmoja, wakasujudu, wakakichomekea noti mdomoni, wakamtakia wateja wengi. Muuza miavuli alichomeka noti sikioni kwa sababu mdomo umejaa. Bwana Guk wa kituoni alikuja na sweta lake lile lile, akapiga picha kwa ajili ya ripoti.

Mzee Pyo akavuka kichochoro. Walimsikia kabla hawajamwona, maana alipotembea maji yalipiga kama mtu anayesukuma mtumbwi. Alikuwa amevaa tai juu ya suruali ya mpira. Aliwasalimu wakubwa na wadogo, akafika mbele ya kichwa cha nguruwe, akapiga magoti na kusujudu sawasawa kama inavyotakiwa. Alipoinama kichwa chake kilizama. Alikaa humo kwa heshima inayostahili, akainuka ana mwani sikioni, akasujudu mara ya pili, akazama tena. Hakuna aliyecheka kwa sauti. Hyerim, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimpa taulo.

"Hongera, mama," Mzee Pyo alimwambia Bunrye akijikausha. "Nami nina habari njema. Jengo hili nimelinunua wiki iliyopita. Yule mama hata hakunibishia bei. Miguu yangu imeniletea baraka."

Majirani wakaanza kukagua viatu vyao.

"Usihofu, mkataba wako ni mkataba," aliendelea. "Miaka kumi sikugusi. Baada ya hapo tutazungumza, labda mabomba nayo yatakuwa yamechakaa. Tutaonana kila tarehe moja."

"Mtu hawezi kuwa mstaarabu hata siku ya kichwa cha nguruwe?" Malsun alisema, lakini aliongea na kichwa chenyewe. Halafu akamshika Bunrye mkono, akamvuta mpaka jikoni. "Dada, lia kama unataka. Nitasema ni kitunguu."

Bunrye hakulia. Alifunika sufuria. "Mstari wa chumvi uko wapi?"

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Vidole viwili juu ya kiraka. Kidole kimoja kila miezi miwili, haujakosea hata mara moja."

Bunrye alichukua kijiko kirefu cha supu, akakisimamisha sakafuni, akaanzia vidole viwili juu ya goti, akaweka vidole vyake vitatu, vitatu, akihesabu mwaka mmoja kila mara mbili. Kijiko kilipoisha aliendelea ukutani kwa unga. Alihesabu miaka kumi. Alama ya mwisho ilikuwa juu ya bega lake, na yeye na Mzee Pyo walikuwa wanalingana urefu. Akaipa mgongo, akakipeleka kiganja toka kwenye alama mpaka usoni kwake kama apimaye kola ya nguo, kikaishia midomoni. Akaifuta alama kwa kitambaa chenye maji.

Alirudi mbele na bakuli la kwanza la tambi za duka jipya. Ng'ambo ya pili watu walikuwa wameshaanza foleni ya mchana chini ya ubao wenye jina lake. Bunrye alimvutia Mzee Pyo kiti kirefu, akaweka bakuli mahali ambapo maji hayafiki, akavunja yai ndani ya supu, akaongeza la pili.

Alimwuliza kuhusu presha. Alimwuliza kama anapata choo vizuri, analala saa ngapi. Alipoona pakiti ya sigara kwenye mfuko wa shati aliichukua, akaitia kwenye takataka, akamwambia mtu wa umri wake ajitunze. Mzee Pyo alikula mpaka chini ya bakuli.

Tangu siku hiyo alikuja kila mchana, na kila mchana yai la pili lilikuwapo, na siku za baridi uwatu na tangawizi. Bunrye alimshonea mstari wa pamba ndani ya kola ili asipate mafua. Majirani walisema huo ndio moyo.

"Mama," alimwambia siku moja, mdomo umejaa, maji yakiwa yamepita katikati ya paja, "mimi nilidhani una kinyongo."

"Sina haraka, mzee," alisema Bunrye. "Kula."