Ndoo ya Njiti

Njiti za kiberiti tulikuwa nazo ndoo nzima, na moto hatukuwa nao.

Alfajiri hiyo mke wangu alikuwa anafungua kibanda chake cha chai mbele ya nyumba. Mafundi wa jengo la ng'ambo ya barabara walimwambia wazi: wakikuta chai tayari kabla ya kazi, watakunywa kwake kila siku. Wasipoikuta, wanarudi kwa jirani. Maji yako sufuriani, mkaa umepangwa, na mke wangu anakwaruza njiti ukutani, anatupa, anachukua nyingine.

"Baba Watoto, njiti zako zimekufa?"

Hazikufa. Nafanya kazi kiwanda cha viberiti, na njiti zilizopinda tunaruhusiwa kuzibeba. Nilizibeba bila makasha. Kasha moja tulilokuwa nalo lilikwaruzwa mpaka ubavu ukabaki karatasi tupu. Na kazi yangu mimi kiwandani ni kupaka ule ubavu rangi ya kuwashia! Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi nina kipara.

"Haziwaki ukutani," nikasema. "Kichwani mwa njiti kuna klorati na salfa. Fosforasi iko ubavuni mwa kasha. Mpaka vikutane."

"Kwa nini msiviweke pamoja?" akauliza mama mkwe, aliyekuja kumsaidia binti yake.

"Zamani viliwekwa pamoja, mama. Fosforasi nyeupe. Njiti iliwaka popote, hata mfukoni. Lakini mvuke wake uliwaozesha mataya waliozitengeneza, wengi wasichana. Ndipo ikaja fosforasi nyekundu, ikahamishiwa kwenye kasha."

"Maskini watoto wa watu." Akachungulia jiko. "Haya, historia tumeisikia, mkwe. Moto je?"

"Niende kwa jirani."

Mke wangu akanitolea macho. "Mume wangu anatengeneza viberiti, halafu tukaombe kiberiti? Tena kwa huyo huyo muuza chai? Thubutu!"

Ng'ambo, mafundi wawili walishafika. Jasho likanitoka. Nikavuta aproni yangu ya kazi iliyotundikwa mlangoni nijifute uso, ikanikwangua shavu. Ilikuwa ngumu kama gome, kwa vile kila siku najifutia humo mikono yenye rangi ya ubavu: fosforasi nyekundu, gundi na chupa iliyosagwa.

Nikachukua njiti, nikaikwaruza kifuani mwa aproni.

Ikawaka. Aproni nayo ikawaka.

"Usiizime!" mama mkwe akapiga kelele. "Itie jikoni!"

Nikaisokomeza chini ya mkaa. Tukangoja moshi ule mbaya uishe ndipo tukateleka sufuria. Mafundi walivuka barabara wakaikuta chai inatokota, wakanywa mpaka majani.

"Kesho tena, mama," wakasema.

Mke wangu alicheka asubuhi nzima, hasa akinitazama usoni. Moto wa siku hiyo ulikula aproni moja, nyusi ya kushoto yote, na masharubu nusu.