Mcheri wa Shemeji

Kusakabe alikuwa na donge, na donge lenyewe lilikuwa na mizizi. Lilikuwa mcheri, mti wa maua, uliosimama kando ya shimo la saba, na chini yake jiwe lililochongwa jina la Nagumo, mume wa dada yake.

Katika klabu ile ya gofu ya mlimani, mtu akiutia mpira shimoni kwa pigo moja hulisha watu na kuwanywesha, huwagawia taulo zenye jina lake, kisha hupanda mti. Nagumo, muuza dawa mstaafu aliyefundishwa kushika fimbo na Kusakabe mwenyewe, aliutia siku ambayo hata kofia alikuwa kaivaa kinyume. Kusakabe, fundi wa mikeka ya tatami, alianza kucheza pale nywele zikiwa nyeusi, na hajawahi kuutia hivyo. Mpira wake umeshalamba ukingo wa shimo ukapita. Umeshagonga kijiti cha bendera ukarudi kama mgeni aliyekosea nyumba. Lakini kuingia, hapana. Taulo aliyopewa kwenye karamu ya Nagumo alimfutia mbwa miguu hadi ikachanika.

Na kila mwaka mpya, kadi ya salamu kutoka kwa dada yake Chizu ilikuja na picha ileile: Nagumo kaukumbatia mti. Mti unanenepa, na Nagumo naye tabasamu linanenepa.

Basi asubuhi moja ya vuli, majani yamekwisha kuiva rangi, walifika shimo la saba na ukungu umelala juu ya nyasi, mzito kama uji.

"Shemeji, leo hata pua yangu siioni," alisema Nagumo.

"Hujakosa kitu. Sisi tumeiona miaka yote hii."

Bi Otowa, kedi wao wa kubeba fimbo, mama mwenye sauti ya kukwaruza aliyewazoea wawili hawa kama mtu anavyozoea majirani wagomvi, alicheka ndani ya skafu yake. "Lenga kushoto kidogo, mzee Kusakabe. Kulia kuna mti."

"Mti naujua, Bi Otowa. Huwa naletewa picha."

Akapiga. Mkono ulipomaliza tu alijua kwamba umekwenda kulia. Mpira ulimezwa na ukungu, kimya kikapita, halafu ikasikika: ko!

"Mti wangu huo!" Nagumo alipaza sauti, kama baba aliyesikia mwanawe akilia chumba cha pili. "Pole, shemeji. Mtoto ana kiwiko kikali."

"Mfundishe adabu, basi."

Nagumo akapiga wake ukazama kwenye mchanga, huko chini kabisa. Bi Otowa akashuka naye kuutafuta. Kusakabe akapanda peke yake, akisonya njia nzima.

Kwenye shina la mcheri palikuwa na kovu jipya, jeupe, dogo kama ukucha. Mpira haukuwa kwenye mizizi. Haukuwa kwenye majani makavu. Alizunguka jiwe la Nagumo, akalipiga teke la uongo, hakuna. Mwisho akachungulia shimoni, vile mtu anavyopapasa mfuko anaojua hauna kitu.

Ulikuwemo. Mpira wake, na yule samaki wa bluu aliyemchora juu yake kwa kalamu usiku uliopita.

Akapiga goti kwenye nyasi zenye umande. Maisha yake yote ya gofu yalikuwa yamelala mle ndani, meupe, yamelowa kidogo. Akafungua mdomo apige ukelele wa kuwaamsha hata wafu wa bondeni.

"Shemeji!" Sauti ya Nagumo ilitangulia, kutoka ukunguni. "Umeuona? Angalia vizuri, mti wangu hauli mali ya mtu!"

Mti wangu. Kusakabe akaufunga mdomo. Aliiona karamu. Gharama yake, watu wake, taulo zenye jina lake; na katikati Nagumo kasimama na glasi, uso mwekundu: kapiga yeye, jamani, lakini aliyetia ni mti wangu! Chizu akicheka hadi kujifuta machozi. Na kila mwaka mpya hadithi ingekuja na kadi. Angepewa alichokitafuta maisha yake yote, na angepewa na Nagumo.

Aliingiza vidole shimoni akautoa mpira. Akaubeba mpaka kwenye mizizi ya mcheri, akauangusha kwenye majani. Alitazama nyuma kama mwizi, ingawa alichoiba kilikuwa chake.

"Uko hapa," alisema wenzake walipotokeza. "Chini ya mti."

"Pole, mzee," alisema Bi Otowa.

Akacheza toka pale, vibaya, akamaliza. Shimo lile lilipoupokea tena mpira wa samaki, hakuna aliyepiga makofi.

Mchezo ulipokwisha walijitumbukiza kwenye bwawa la maji ya moto, kama desturi, maji shingoni na kitambaa kichwani. Mchana Kusakabe alikuwa ameuacha nusu wali wake wa mchuzi. Siri ilimchoma kuliko maji. Alitaka kumwambia mtu, yeyote, na aliyekuwapo ni huyu.

"Shemeji," Nagumo alisema taratibu. "Nimekuwa nikiwaza. Mti ule unakutesa. Umekurudishia mipira mingapi? Nitawaomba klabu wauhamishe, wakaupande huko kwenye maegesho ya magari."

"Usiuguse!"

Mzee mmoja aliyekuwa anajisugua mgongo aligeuka. Kusakabe akashusha sauti. "Uache pale pale."

"Lakini si unauchukia?"

"Nimesema uache, bwana."

Nagumo alichota maji akajimwagia usoni, maana macho yalikuwa yamelowa tayari. "Sikujua, kaka. Miaka yote hii sikujua kama unaupenda. Basi picha ya mwaka huu tutapiga wote wawili."

Na kweli Jumapili iliyofuata walisimama kwenye mcheri, ukungu umeondoka, Chizu ameshika kamera. Nagumo akaukumbatia mti kwa upande wake kama kawaida. Kusakabe akasimama upande wa pili na kuweka kiganja kwenye shina, juu ya lile kovu dogo jeupe, akalifunika lote.

"Kaka, shusha mkono," Chizu alisema. "Umekaa kama unazuia mti usianguke."

Kusakabe alitazama kamera, akatabasamu. Mkono hakuushusha.